Swali Kwanza, Tovuti Baadaye: Namna ya Kujifunza Sarufi ya Kiingereza Mtandaoni

Anayetaka kujifunza sarufi ya Kiingereza siku hizi hana uhaba wa vifaa. Kinachomsumbua ni wingi wake. Akiandika maneno mawili tu katika kisanduku cha kutafutia, hupokea orodha ndefu ya tovuti, video na programu za simu, na karibu kila moja humwahidi kwamba ataongea kwa ufasaha baada ya muda mfupi. Ndiyo maana watu wengi wameanza somo la kwanza katika tovuti nyingi, lakini hawajafika somo la nne katika hata moja. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unamtaka msomaji aanze na swali lake mwenyewe, atambue ni swali la aina gani, kisha alipeleke mahali ambapo maswali ya aina hiyo hujibiwa. Swali la kanuni lina mahali pake, swali la tabia ya neno lina mahali pake, na swali la kama wenye lugha husema hivyo kweli lina mahali pake pia.

Jua kwanza unakosea wapi

Makosa ya msemaji wa Kiswahili anapoandika Kiingereza hayatawanyiki ovyo. Hujirudia katika sehemu chache zinazojulikana, kwa sababu lugha hizi mbili zimepanga kazi za sarufi kwa namna tofauti. Kiswahili hakina vibainishi mfano wa "a" na "the", kwa hiyo maneno hayo huachwa panapotakiwa na kupachikwa pasipotakiwa. Kiambishi cha nafsi ya tatu, "a-", hakibagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo "he" na "she" hubadilishana nafasi hata katika kalamu ya mtu aliyemaliza chuo kikuu. Kiambishi hicho hicho hubaki katika kitenzi hata pale mtendaji anapokuwa amekwisha kutajwa, na hapo ndipo "baba yangu anafanya kazi bandarini" huzaa "my father he works at the port". Tunasema "amefika jana" bila mtu yeyote kushtuka, ilhali Kiingereza sanifu hakikubali "he has arrived yesterday". Swali la kukanusha nalo lina mtego wake: ukiulizwa "Hujala?" ukajibu "Ndiyo, sijala", umejibu sawasawa, lakini kwa Kiingereza jibu hilo hilo huanza na "no".

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, chukua kurasa mbili au tatu za Kiingereza ulizoandika mwenyewe, iwe barua ya kuomba kazi, insha ya shuleni au ripoti ya ofisini, umpe mwalimu au mwenzako anayekizidi Kiingereza chako. Mwombe aweke alama penye kosa bila kulisahihisha. Kisha kaa na karatasi hizo, uyapange makosa hayo kwa aina zake: vibainishi, njeo (yaani nyakati za vitenzi), vihusishi, nomino zisizohesabika, na kadhalika. Usishangae ukigundua kwamba sehemu kubwa ya alama zile nyekundu inatokana na aina tatu au nne tu. Orodha hiyo ndiyo mtaala wako, na ina thamani kuliko mpangilio wa masomo wa tovuti yoyote, kwa sababu tovuti haikujui. Asiye na mtu wa kumpa karatasi zake anaweza kubandika maandishi katika programu ya ukaguzi kama LanguageTool, ambayo toleo lake la bure linatosha kwa kazi hii, ili mradi anakili kila kosa linaloonyeshwa badala ya kubofya sahihisho na kusonga mbele.

Jambo jingine la kujua mapema ni ngazi. Tovuti nyingi za kujifunza lugha hupanga masomo kwa herufi na tarakimu, kuanzia A1 kwa anayeanza kabisa hadi C2 kwa aliyebobea. Mfumo huu ulichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na leo unatumika mbali nje ya Ulaya. British Council, shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, lina jaribio la bure mtandaoni la kukupima. Lifanye, lakini usilichukulie kama hukumu, maana mtu anaweza kusoma gazeti la Kiingereza bila kamusi na bado akaandika aya yenye makosa ya ngazi ya A2. Kwa ajili ya sarufi, fuata ngazi ya maandishi yako, hata kama inakuudhi.

Swali la kanuni

Swali linapokuwa la aina ya "ni wakati gani natumia 'the'?" au "'since' na 'for' zinatofautianaje?", linahitaji maelezo ya kanuni yenye mifano na mazoezi. Kwa kazi hiyo ningempeleka mtu kwanza katika tovuti ya LearnEnglish ya British Council, ambayo ni ya bure na ambayo sehemu yake ya sarufi imegawanywa kwa ngazi: A1 hadi A2, B1 hadi B2, na C1. Ubora wake uko katika mpangilio wa kila somo. Unapewa mifano michache, unafanya jaribio fupi kabla ya kusoma chochote, unasoma maelezo, kisha unafanya jaribio la pili. Watu wengi huruka lile jaribio la kwanza kwa kuwa hawapendi kukosea, na hapo huikosa faida yenyewe: jaribio la kwanza ndilo linalokuonyesha mahali hasa pa kukazia macho katika maelezo. Ukimaliza somo, shuka chini ya ukurasa, ambako wanafunzi kutoka nchi mbalimbali wameuliza maswali na wahusika wa tovuti wameyajibu. Mara nyingi swali lililokukwama kooni limekwisha kuulizwa huko miaka iliyopita na mtu wa Brazili au Misri.

Chukua mfano wa vibainishi. Ziko kurasa mbili za ngazi ya chini zinazovihusu, moja ikieleza "a", "an" na "the", nyingine ikieleza mahali ambapo nomino hukaa bila kibainishi chochote. Msemaji wa Kiswahili huvutiwa na ukurasa wa kwanza, kwa sababu anadhani kosa lake ni kuchagua kibainishi kisicho sahihi. Ukurasa wa pili ndio utakaomfaa zaidi. Ndimo anamoelezwa kwamba mtu akizungumzia vitu kwa ujumla husema "teachers work hard", bila "the", na kwamba "the teachers work hard" inawahusu walimu fulani ambao msikilizaji anawajua. Ukiisha kuelewa hapo, chukua aya uliyoandika wewe, uzungushie duara kila nomino, na kwa kila moja ujiulize: je, msomaji wangu anajua ninazungumzia kipi? Zoezi hili linachosha, na ndilo linalofanya kazi.

Kwa swali la haraka ambalo halihitaji somo zima, tumia sehemu ya sarufi iliyomo katika tovuti ya Cambridge Dictionary. Imepangwa kwa mada, lugha yake ni nyepesi, na mara kwa mara huonyesha sentensi isiyo sahihi kando ya ile iliyo sahihi. Ili usipotee katika matangazo na kurasa za kubahatisha, iamuru injini ya kutafuta ikuletee majibu ya tovuti hiyo peke yake: andika since for site:dictionary.cambridge.org, bila kuacha nafasi baada ya nukta pacha. Mbinu hiyo ya site: hufanya kazi na tovuti yoyote unayoiamini, na ukiizoea utapunguza kusoma takataka.

Mtahiniwa wa sekondari nchini Tanzania asisahau kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Maelezo ya British Council yanaweza kuwa bora, lakini mtihani wake unatungwa kwa kufuata muhtasari wa nyumbani.

Kamusi ya mwanafunzi

Hapa ndipo ninapowasihi watu wapunguze mwendo. Wasomaji wengi hufungua kamusi kutafuta maana, wakishaipata hufunga. Kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza ina mambo mengine matatu au manne katika kila kidahizo, yaani kila neno linaloelezwa, na mambo hayo ndiyo sarufi yenyewe, ikiwa imegawanywa neno kwa neno.

Kamusi za aina hii zina historia inayoeleza umbo lake. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha nchini Japani, alishirikiana na wenzake wawili kutunga kamusi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, na Oxford ikaichapisha tena mwaka 1948. Waliowatungia hawakuwa watoto wa Kiingereza, waliokwisha kujua kwa mazoea kwamba neno fulani halina wingi. Walikuwa wanafunzi wa Kijapani, ambao walihitaji kuambiwa waziwazi ni nomino ipi huhesabika na kila kitenzi hufuatwa na nini. Mahitaji yao yanafanana sana na yetu. Leo kamusi iliyotokana na kazi hiyo inasomwa bure katika tovuti ya Oxford Learner's Dictionaries, na iko pamoja na nyingine mbili za kiwango chake: ile ya Cambridge na ile ya Longman.

Fungua mojawapo na utafute "advice". Kabla hujafika kwenye maana utaona alama: Cambridge huandika U katika mabano ya mraba, Oxford na Longman huandika neno kamili "uncountable". Alama hiyo ndogo inasema mambo matatu kwa mpigo. Inasema huwezi kuandika "advices", huwezi kuandika "an advice", na kitenzi kinachofuata kitakuwa cha umoja. Ukishuka kwenye mifano, utakuta "a piece of advice", ambayo ndiyo njia ya kuhesabu jambo ambalo neno lake halihesabiki. Sasa tafuta "information", "equipment", "furniture", "luggage" na "research", uone kama alama ni ile ile. Msemaji wa Kiswahili ana ushauri na shauri, ana habari moja na habari kumi, ana vifaa na samani. Hakuna kitu katika lugha yake kitakachomtahadharisha. Kitakachomtahadharisha ni ile herufi moja ndani ya mabano.

Tafuta tena "explain". Mtu anayefikiri "nieleze" huandika "explain me", kwa sababu katika Kiswahili anayeelezwa hukaa ndani ya kitenzi chenyewe. Kamusi ya Oxford inakuonyesha muundo kwa maandishi meusi kabla ya mfano: "explain something to somebody". Maneno "something" na "somebody" hapo ni vishika nafasi. La kwanza linasimama badala ya kitu, la pili badala ya mtu, na mpangilio wake ndio mpangilio unaotakiwa uufuate. Kwa hiyo utaandika "please explain the problem to me". Fanya hivyo hivyo kwa "discuss", na utaona kwamba kinachojadiliwa kinafuata moja kwa moja baada ya kitenzi, bila "about" katikati. Soma muundo huo kwa sauti, tunga sentensi mbili za maisha yako ukiufuata, kisha uzinakili kwenye daftari. Kunakili muundo mtupu bila sentensi yako hakufai kitu. Utausahau kabla ya jioni.

Kila moja ya kamusi hizi ina sifa yake. Longman hueleza maana zake kwa kutumia takriban maneno 2,000 ya kawaida, jambo linalomwokoa anayeanza asifungue kamusi ili aelewe kamusi. Oxford huweka alama kwenye maneno 3,000 ambayo inashauri yajulikane kwanza, na ina sauti za matamshi ya Uingereza na ya Marekani. Cambridge huonyesha ngazi ya kila maana, ukitoka A1 hadi C2, na huweka visanduku vya makosa yanayojirudia, ambavyo vimetokana na mkusanyiko wa maandishi halisi ya watahiniwa wa mitihani yake. Nikilazimika kuchagua moja kwa mtu wa ngazi ya kati, ningechagua Cambridge kwa sababu ya visanduku hivyo. Kuchagua moja na kuizoea ni bora kuliko kurukaruka.

Je, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili haina kazi? Inayo, na kazi yenyewe ni kukuvusha. Unapojua neno kwa Kiswahili na hulijui kwa Kiingereza, kamusi ya lugha mbili ndiyo itakayokupa jina. Ukishalipata, usiliandike bado. Lipeleke kwenye kamusi ya mwanafunzi ukaone linaishije, kwa sababu kamusi ya lugha mbili hukupa neno bila kukuambia linafuatwa na nini, linahesabika au la, na kama linafaa katika barua ya ofisini au ni la mtaani.

Pale unapotaka kujua kama watu husema hivyo

Yapo maswali ambayo kanuni haiyajibu. Kwa nini ni "make a mistake" na si "do a mistake", ilhali sisi tunasema kufanya kosa, kufanya utafiti na kufanya uamuzi kwa kitenzi kimoja? Hakuna sababu ya kisarufi ya kutosheleza. Ni mazoea ya wasemaji. Mazoea huchunguzwa kwa kopasi, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini halisi uliopangwa ili uweze kutafutwa. Tovuti ya english-corpora.org, iliyojengwa na Mark Davies alipokuwa profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha Brigham Young nchini Marekani, inazo kadhaa. Inayojulikana zaidi ni COCA, ya Kiingereza cha Marekani, yenye maneno zaidi ya bilioni moja yaliyokusanywa kutoka mazungumzo, hadithi, magazeti, maandishi ya kitaaluma na kurasa za mtandao, kuanzia mwaka 1990 hadi 2019. Iko pia kopasi ya Uingereza yenye maneno milioni 100. Tovuti itakutaka ujisajili, na asiyelipa huwekewa kikomo cha utafutaji kwa siku, ambacho kwa mtu anayejifunza ni kikubwa vya kutosha.

Andika "do a mistake", utazame idadi, kisha uandike "make a mistake". Tofauti itakuwa kubwa kiasi kwamba hutahitaji maelezo ya mtu. Baadaye weka alama ya nyota badala ya neno usilolijua: ukiandika "discuss *", kopasi itakupangia maneno yanayofuata "discuss", yale yanayotokea mara nyingi yakiwa juu. Bofya mstari wowote, nawe utaona sentensi zenyewe. Usiridhike na idadi. Soma sentensi kumi hivi, kwa sababu mara nyingine neno linaloonekana kama linafuata kitenzi chako ni la kishazi kingine kabisa. Hesabu anazozitoa Google juu ya matokeo ya utafutaji hazifai kwa kazi hii. Si hesabu za lugha, na huweza kubadilika kutoka saa moja hadi nyingine.

Kuna kopasi nyingine katika tovuti hiyo hiyo ambayo inatuhusu zaidi, nayo ni GloWbE. Ilitolewa mwaka 2013 ikiwa na maneno bilioni 1.9 yaliyotolewa kwenye kurasa za mtandao za nchi 20, na Kenya na Tanzania zimo, kila moja na safu yake. Hapa unaweza kutafuta neno kama "equipments" na kuona nchi moja baada ya nyingine jinsi linavyotumika, kisha uone limekaa wapi na ni wapi halionekani sana. Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, hasa mwalimu, iko eWAVE, atlasi ya mtandaoni inayoorodhesha sifa 235 za kisarufi katika aina mbalimbali za Kiingereza duniani, na imetenga maingizo ya Kiingereza cha Kenya, cha Tanzania na cha Uganda.

Jambo hili linahitaji maamuzi ya mtu mwenyewe. Kiingereza cha Afrika Mashariki kina mazoea yake ambayo wataalamu wa isimu wameyaeleza kwa heshima, na baadhi ya yale tunayoyaita makosa ni desturi iliyokomaa miongoni mwa watu waliosoma. Mtu anayemwambia mwenzake "sorry" kwa sababu mwenzake amejikwaa anaeleweka vizuri Nairobi na Arusha, hata kama Mwingereza atajiuliza kwa nini anaombwa radhi. Hata hivyo, msahihishaji wa mtihani, mhariri wa jarida na kamati ya ufadhili wa masomo hawasomi kwa jicho la mwanaisimu. Ushauri wangu ni kuyajua matumizi yote mawili, na katika maandishi yatakayopimwa, kufuata yale yaliyomo katika kamusi.

Kuuliza watu, na kuuliza mashine

Swali likishindikana kwenye kanuni, kamusi na kopasi, waulize watu. English Language Learners, sehemu ya Stack Exchange, mtandao wa tovuti za maswali na majibu, imetengwa kwa ajili ya wanaojifunza, na vikao vya WordReference vina majibu ya miaka mingi. Kwanza tafuta, maana pengine limekwisha kujibiwa. Unapouliza, weka sentensi nzima na mahali ulipoikuta, eleza ulichokisoma katika kamusi, kisha utaje hasa kinachokutatiza. Swali la "je, sentensi hii ni sahihi?" peke yake hufungwa haraka, kwa kuwa wenyeji wa huko hawafanyi kazi ya kusahihisha insha. Jibu lenye kura nyingi mara nyingi ni zuri, ingawa kura hupigwa pia kwa jibu linalochekesha; angalia kama mjibuji ametaja kamusi au ametoa mifano.

Programu za ukaguzi na za akili mnemba zina faida, lakini zina tabia moja ya kuangaliwa: hukupa sentensi nzuri bila kukuacha umejifunza. Ukiiomba programu iandike upya aya yako, itaiandika, na wiki ijayo utarudia kosa lile lile. Iamuru vinginevyo. Iambie ikuonyeshe mstari wenye kosa na aina ya kosa, isiusahihishe, usahihishe mwenyewe, kisha ndipo ulinganishe. Maelezo yake ya kanuni yathibitishe kwenye kamusi au ukurasa wa sarufi, kwa kuwa programu hizi huweza kueleza kanuni isiyokuwepo kwa ujasiri ule ule zinaoelezea kanuni iliyopo, na ukiipinga kidogo inaweza kukubaliana nawe hata pale ulipokosea wewe.

Tena yako makosa ambayo programu ya kawaida ya ukaguzi huweza kukosa kuyaona. Ukiandika "Our headmistress has travelled" na sentensi mbili baadaye ukaandika "He will return on Monday", kila sentensi ni sahihi peke yake, na mkaguzi wa kawaida ataipitisha bila neno. Kwa kosa hili sijui tovuti yoyote inayolitibu. Dawa yake ni kusoma maandishi yako mara moja zaidi ukitafuta jambo hilo tu: unasimama kwenye kila "he", "she", "his" na "her", unarudi nyuma hadi kwa mtu anayetajwa, ndipo unaendelea. Katika simu au kompyuta unaweza kutumia amri ya kutafuta neno ndani ya hati ili usiruke hata moja.

Uingereza au Marekani

Shule za Afrika Mashariki hufuata tahajia ya Uingereza, lakini kompyuta nyingi huja zikiwa zimewekwa Kiingereza cha Marekani, hivyo hupigia mstari mwekundu "colour" na "programme" ambazo ni sahihi. Badili lugha ya ukaguzi kuwa Kiingereza cha Uingereza kabla hujaanza kutilia shaka ulichofundishwa. Tofauti haiishii kwenye tahajia. Mmarekani husema "I just ate" mahali ambapo Mwingereza angesema "I've just eaten", na zote mbili ni sarufi njema. Anayeandika maombi ya chuo cha Marekani atafaidika na Purdue OWL, hazina ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Purdue iliyoko mtandaoni tangu mwaka 1994, yenye kurasa za vibainishi, vihusishi, alama za uandishi na namna ya kunukuu vyanzo. Vitabu vya zamani vya kanuni za uandishi, vilivyokwisha hakimiliki na kujaa mtandaoni bila malipo, visomwe kwa uangalifu, kwani baadhi vinakataza matumizi ambayo leo hayamkeri mtu.

Bando likiwa dogo

Video ndizo zinazokula bando, na kwa sarufi ndizo zenye faida ndogo zaidi, kwa kuwa huwezi kuzitafuta ndani kama unavyotafuta katika maandishi. BBC Learning English, idara ambayo ilianza kufundisha kwa redio mwaka 1943, hutoa vipindi vifupi vya sauti pamoja na maandishi yake ya PDF. Pakua maandishi kwanza, na sauti uichukue ukipata mtandao wa bure. Kwa asiye na uhakika wa mtandao kabisa, iko programu ya bure iitwayo Kiwix, inayosoma kurasa zilizohifadhiwa ndani ya simu au kompyuta. Kupitia hiyo unaweza kupakua mara moja kamusi huria ya Wiktionary, Wikipedia ya Kiingereza chepesi, na hata maswali na majibu ya English Language Learners, ukayasoma baadaye bila kutumia data. Mafaili hutofautiana sana kwa ukubwa, kwa hiyo angalia idadi ya megabaiti kabla ya kubofya, na pale panapokuwa na toleo lisilo na picha, chagua hilo.